Kifo cha Ghafla Katika Jumba la Sultani

Mtu mwenye afya akifa ghafla, hakosi wa kunong'ona, "Ametiliwa sumu." Neno hilo ni jepesi kulisema, lakini laweza kumfukuza mtu asiye na hatia kijijini kwake. Katika jumba la mfalme huwa zito zaidi, kwa kuwa kiti cha marehemu kina wenye kukitamani. Ndivyo ilivyokuwa katika nchi nyingi zenye wafalme, kama Buhaya yetu ilivyokuwa na Abakama wake. Basi sikilizeni habari moja ya namna hiyo, iliyotokea mbali na Bukoba, katika kisiwa cha Unguja.

Sultani Hamad bin Thuwaini alianza kutawala mwaka 1893. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, alikufa ghafla, akazikwa siku ile ile. Hata jua halijachwa, Khalid bin Barghash, mwana wa baba yake mdogo, alikuwa amekwisha kuingia jumbani na kujitangaza kuwa Sultani. Waingereza, waliokuwa walinzi wa Unguja tangu mwaka 1890, walikataa, kwani walimtaka Hamud bin Muhammad. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zililipiga jumba kwa mizinga. Vita havikutimia saa moja, lakini watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au walijeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Wadachi, kisha akapelekwa Dar es Salaam.

Je, Khalid ndiye aliyemwua Hamad? Wengi walisema hivyo. Na tuzipime hoja zao.

Kwanza, walisema kwamba alifika jumbani upesi mno. Ni kweli; lakini mwaka 1893 pia, alipokufa Sultani Ali, Khalid alijaribu kukitwaa kiti. Mtu anayeingoja siku huiwahi, wala si lazima awe ameileta yeye.

Pili, walisema kwamba kifo kilikuwa cha ghafla. Lakini moyo nao huweza kusimama ghafla pasipo sumu.

Tatu, walisema kwamba alifaidika. Lakini adui zake nao walifaidika akiitwa mwuaji, maana mwuaji hafai kutawala.

Waingereza walimkamata Khalid mwaka 1916 wakamhamisha mbali. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafa Mombasa mwaka 1927. Katika miaka hiyo yote hakuhukumiwa na mahakama yoyote kwa kifo cha Hamad.

Basi, wanafunzi, mkisikia mtu akitajwa kuwa mwuaji, ulizeni: Ni nani aliyeona? Ni dalili gani iliyopatikana? Tena dalili hiyo haiwezi kuwa na sababu nyingine? Pasipo majibu, kuzuia ulimi ni haki, si woga. Wahenga walinena: Mdhaniwa ndiye, kumbe siye.