Kazi ya visima Mbale: shimo kavu ni hasara ya nani?

MBALE, Uganda

Usiku wa Julai 30, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuingia mjini Mbale. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mabomba ya maji ya mji yakang'olewa. Maji yalikuwa kila mahali, ya kunywa hayapatikani.

Siku kama hizo kisima kirefu kilichojengwa vizuri huwa mkombozi, na anayejua kukijenga ana kazi. Vijana wengi huvutiwa na kinachoonekana: lori, kompresa inayonguruma, matope yanayoruka. Wanadhani ni kazi ya misuli.

Sivyo. Karibu na Mlima Elgon mawe ni ya volkano. Ukiteremka tambarare za Budaka na Pallisa unakuta miamba mikongwe ambayo maji yake yamo kwenye nyufa na katika tabaka lililolainika juu yake. Ukiukosa ufa, umechimba shimo kavu. Kwa hiyo mtaalamu wa jiolojia hupima kwanza kwa kupitisha umeme ardhini. Mchimbaji naye hukagua mawe yanayopanda kutoka kila kina na kuyaandika, kisha huamua bomba lenye matundu likae wapi na saruji izibe wapi ili uchafu wa juu usiteremke. Mwisho pampu huendeshwa kwa saa kadhaa kupima kisima kinatoa kiasi gani.

Shimo kavu ndilo huua kampuni changa. Baadhi ya mikataba nchini Uganda husema wazi: hakuna maji, hakuna malipo. Dizeli imeshaungua, vibarua wanadai chao, na mtambo pengine ni wa mkopo. Mkataba wa aina hiyo humshawishi mchimbaji kuishia kwenye maji haba ili alipwe, na kijiji hubaki na pampu inayokauka kiangazi. Wa haki hulipa kwa mita zilizochimbwa na vipimo vilivyofanywa. Anayeingia katika kazi hii ajifunze kusoma mkataba mapema kama anavyojifunza kuendesha mtambo.

Wauzaji wa vifaa nao wana la kuangalia. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki katika pampu za mkono. Maji yenye asidi huyala, yakatoka mekundu, na wanawake wakarudi mtoni. Mzigo salama kwa soko hili ni chuma cha pua au plastiki ngumu.

Elimu haiko mbali. Chuo Kikuu cha Busitema, kando ya barabara ya Malaba kuelekea Jinja, hufundisha uhandisi wa rasilimali za maji. Nairobi ina Taasisi ya Maji ya Kenya, na Dar es Salaam ina Chuo cha Maji pale Ubungo.

Tatizo ni mpakani. Desemba 2012 wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini makubaliano ya kutambuana, hivyo mhandisi aliyesajiliwa Kampala ana njia ya kukubaliwa Nairobi. Fundi aliyeshinda miaka 10 kwenye mtambo, anayelitambua jiwe kwa kulishika tu, makubaliano hayo hayamgusi.