Jinsi ya kutengeneza muziki wa house kwa ladha yako

KIJANA mwenye kompyuta ya kawaida na spika za masikioni anaweza leo kutengeneza muziki wa house nyumbani kwake bila kukodi studio, mradi afahamu namna muziki huo unavyojengwa na nani anamiliki sauti anazozitumia.

Muziki huo ulizaliwa katika jiji la Chicago, Marekani, kutokana na watu waliotaka kusikia kitu ambacho hakikuwapo madukani. Frankie Knuckles, DJ aliyehamia huko kutoka New York mwaka 1977, alikata na kuunganisha upya kanda za nyimbo za disko ili ziwafae wachezaji wa ukumbi wa Warehouse. Inaaminika kuwa jina la house lilitokana na ukumbi huo.

Mwaka 1984, Jesse Saunders alitoa santuri ya On and On, ambayo hutajwa miongoni mwa santuri za kwanza za house.

Vijana wa jiji hilo hawakuwa na fedha za kukodi bendi. Walitumia mashine zilizouzwa kwa bei nafuu, ikiwamo Roland TB-303, iliyobuniwa kushika nafasi ya mpiga gitaa la besi lakini ikakosa wanunuzi. Kundi la Phuture lilizungusha vitufe vyake kwa namna isiyotarajiwa na waliyoibuni, likapata sauti ya kukwaruza iliyosikika katika Acid Tracks mwaka 1987. Ndivyo lilivyopatikana tawi la acid house.

Msingi wa house ni ngoma nzito inayopiga mara nne katika kila kipimo, bila kuruka. Kofi husikika katika pigo la pili na la nne, huku tasa ikilia katikati ya mapigo.

Mwendo wake wa kawaida ni kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika. Kwa mwendo wa mapigo 120, kila pigo huchukua nusu sekunde na kipimo kizima sekunde mbili.

Juu ya ngoma huwekwa besi, kisha kinanda na sauti ya mwimbaji. Mabadiliko huingizwa kila baada ya vipimo vinane au 16, na wimbo huanza na kumalizika kwa ngoma pekee ili DJ aweze kuuunganisha na mwingine.

Ladha ya mtengenezaji huanzia hapo. Nchini Afrika Kusini, vijana walipunguza mwendo wa house katika miaka ya 1990 na kuimba kwa lugha za mitaani kwao, wakapata kwaito. Katika miaka ya 2010, vitongoji vya Gauteng vilitoa amapiano, yenye mwendo wa karibu mapigo 112, ambamo besi inayogonga kama gogo hubeba wimbo badala ya ngoma nzito.

Kwa anayeanza, zipo programu zisizolipiwa kama LMMS, inayotumika kwenye kompyuta, na BandLab, inayopatikana hata kwenye simu. FL Studio, inayopendwa na watengenezaji wengi wa amapiano, hulipiwa. Toleo lake la majaribio huruhusu kuhifadhi kazi, lakini haiwezi kufunguliwa tena kabla ya kulipia.

Njia rahisi ya kujifunza ni kuchagua wimbo mmoja unaoupenda, kuhesabu mapigo yake, kuandika kila sauti inapoingia na kutoka, kisha kujenga wako kwa mpangilio huo lakini kwa sauti zako mwenyewe.

Kukata kipande cha wimbo wa mtu mwingine na kukitoa hadharani bila ruhusa ni suala la hakimiliki, hata kama kipande hicho ni kifupi.

Mtengenezaji naye anapaswa kulinda kazi yake. Larry Heard na Robert Owens, waasisi wa house ya Chicago, walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2020 kudai haki za nyimbo walizorekodi katika miaka ya 1980. Walirejeshewa kwa makubaliano mwaka 2022.

Hivyo, kabla ya kutia saini mkataba wowote, ni vyema kuhakikisha umetaja kwa maandishi nani anamiliki rekodi, mirabaha italipwaje na kwa muda gani.