Upasuaji wa kifua kwa matundu madogo: Kwa nini mgonjwa wa Tabora anashindana na siku

Chukulia dereva wa bodaboda ameanguka barabara ya Tabora kwenda Sikonge. Mbavu mbili zimevunjika. Anajikongoja hadi nyumbani, anameza panadol, anasema yatapoa. Wiki ya pili inamkuta hawezi kulala chali na pumzi inakata.

Dereva huyu ni wa mfano tu, ila kinachoendelea kifuani mwake ni cha kweli kabisa. Damu iliyovuja imeganda kando ya pafu. Angefika hospitali siku ya kwanza, huenda mrija mmoja ungetosha. Angefika siku chache baadaye, matundu madogo na kamera vingeweza kumaliza kazi. Sasa huenda kifua kikalazimika kufunguliwa.

Ndiyo maana, ukiwa mbali na hospitali kubwa, habari za upasuaji wa kisasa wa kifua ni habari za muda kwanza, mashine baadaye.

Ni upasuaji gani huu?

Upasuaji wa kawaida wa kifua unaanza na mkato mrefu ubavuni. Kisha mbavu zinatanuliwa kwa chuma ili mikono ya daktari ipate nafasi. Hapo ndipo maumivu makali yanapotoka, kwa sababu chini ya kila ubavu unapita mshipa wa fahamu, nao unabanwa.

Kwa njia ya matundu madogo, daktari anatoboa tundu moja hadi matatu au manne. Kamera nyembamba inaingia, picha inatokea kwenye skrini, vifaa virefu vinafanya kazi ndani. Mbavu hazitanuliwi.

Mtaalamu wa usingizi naye ana kazi nzito. Anatumia mrija maalum wenye njia mbili, ili pafu moja lipumue na lingine litulie wakati linafanyiwa kazi. Bila mtu huyo, kamera hata ikiwepo haisaidii kitu.

Njia hii inatumika kutoa damu au usaha, kuziba hewa inayovuja, kuchukua kinyama cha kupima, hata kuondoa sehemu ya pafu yenye saratani.

Ilianzia kwa wagonjwa wa TB

Wengi wanadhani ni teknolojia ya juzi. Hapana. Mwaka 1910 daktari Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Sweden, aliandika jinsi alivyochungulia ndani ya kifua kwa kifaa kilichokuwa kinatumika kuangalia kibofu cha mkojo.

Wakati ule dawa za TB hazikuwepo. Madaktari walikuwa wanalilaza pafu linaloumwa kwa kujaza hewa pembeni yake, wakiamini likipumzika litapona. Shida ilikuwa pale pafu liliposhikana na ukuta wa kifua. Jacobaeus alitumia tundu dogo kukata nyuzi hizo.

Dawa za TB zilipopatikana, njia hiyo ikapoa. Ilirudi kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamera ndogo za video zilipokuwa nzuri. Mwaka 2010 Diego Gonzalez-Rivas, mpasuaji wa Hispania, aliondoa sehemu nzima ya pafu kupitia tundu moja tu.

Utafiti unasemaje?

Denmark walifanya jaribio la wagonjwa 206 wa saratani ya pafu ya hatua za mwanzo, matokeo yakachapishwa 2016. Ndani ya saa 24 za kwanza, waliokuwa na maumivu ya kuhesabika walikuwa asilimia 38 kwa matundu madogo na asilimia 63 kwa mkato mkubwa.

Uingereza nao walifuatilia watu 503 katika hospitali 9. Matokeo ya 2022 yalionyesha kwamba wiki 5 baada ya upasuaji, waliopasuliwa kwa matundu madogo walikuwa wamerudi vizuri zaidi kwenye shughuli za mwili. Hospitalini walikaa siku 4, wenzao 5.

Lakini tuelewane: hao ni wagonjwa wa saratani iliyogunduliwa mapema, kwenye hospitali zenye kila kitu. Huku kwetu kifua kinaletwa hospitali na mambo mengine: ajali, nimonia iliyoachwa ikageuka usaha, na TB.

Mwanza waliona nini

Utafiti wa karibu na nyumbani upo. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa 150 walioumia kifua. Karibu nusu walipata ajali za barabarani. Wengi walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa miaka 32 hivi. Yaani vijana wa kazi.

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili: zaidi ya nusu walitibiwa bila kupasuliwa. Wengine waliwekewa mrija unaotoa damu au hewa kwenda kwenye chupa yenye maji. Kati ya wote 150, aliyefunguliwa kifua ni mmoja tu.

Chupa ile ina akili yake. Ncha ya mrija inazama kwenye maji, kwa hiyo hewa na damu vinatoka lakini hewa ya nje hairudi kifuani. Ni kifaa rahisi, hakihitaji umeme, na kinaokoa watu wengi kuliko kamera.

Kwa nini siku zinahesabiwa

Usaha kifuani unapita hatua tatu. Kwanza ni maji mepesi, mrija unayatoa. Kisha yanakuwa mazito na kujigawa vyumba vyumba. Mrija unaanza kushindwa, na hapo matundu madogo ndiyo yana faida kubwa: daktari anavunja vyumba hivyo na kusafisha akiona kila kitu.

Baada ya wiki kadhaa linatokea ganda gumu linalobana pafu lisitanuke. Kulibandua ni kazi kubwa, na mara nyingi inabidi kufungua kifua. Damu iliyoganda inaweza kufuata njia hiyohiyo.

Sasa weka ramani juu ya hatua hizo. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba. Njia hiyo ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliendeshwa kwa miguu na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Leo kuna lami na ndege.

Safari imekuwa fupi, ila kwa mgonjwa haianzii stendi. Inaanzia siku alipoumia. Zahanati, dawa za kikohozi, kusubiri nauli, kurudi tena, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, halafu rufaa nyingine kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Mwanza peke yake ni zaidi ya kilomita 300. Kwa anayetokea Uvinza au Ujiji, ongeza nyingine nyingi. Akifika kwa bingwa, hatua ya pili inaweza kuwa imeshapita.

Nani anafundishwa, na wapi?

Chuo cha Wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilianzishwa 1999 na makao yake yako Arusha. Utaratibu wake ni kumfundisha daktari akiwa kazini kwenye hospitali zilizokubaliwa, si lazima akae chuo kikuu. Upasuaji wa moyo na kifua ni moja ya fani zake. Kenya, Hospitali ya Tenwek huko Bomet ni moja ya sehemu zinazofundisha fani hiyo.

Kujifunza si mchezo. Makubaliano ya wataalamu yaliyochapishwa 2014 yalisema mpasuaji anahitaji kama wagonjwa 50 ili azoee kuondoa sehemu ya pafu kwa njia hii, na asipungue 20 kwa mwaka ili mkono usisahau. Idadi hiyo ni ngumu kuipata kwenye mkoa mmoja, hivyo mabingwa wanajikusanya hospitali kubwa.

Mazoezi ya mwanzo lakini hayahitaji mabilioni. Sanduku lenye matundu, kamera ya simu ndani yake na vifaa virefu vinatosha kufundisha mkono kufuata jicho linalotazama skrini. Na kuweka mrija wa kifua ni ujuzi ambao daktari wa wilaya anaweza kufundishwa bila kusubiri kuwa bingwa.

Kwa hiyo ukiuliza Tabora ianzie wapi, jibu langu ni hili: mrija kila wilaya, picha ya eksirei siku hiyohiyo, na simu ya bingwa inayopokelewa kabla ganda halijakomaa. Kamera ikija juu ya hayo, itakuta wagonjwa inaoweza kuwasaidia.

Wewe ufanye nini?

- Umeanguka au umegongwa kifuani na pumzi inabana? Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuna damu nje.
- Kitu kimechoma kifuani na bado kipo? Usikichomoe. Kitulize kisicheze, muwahishe.
- Nimonia imetibiwa lakini homa inarudi na ubavu unachoma? Rudi, omba kifua kipigwe picha.
- Kikohozi cha wiki mbili au zaidi? Pima TB. Dawa zake Tanzania ni bure, na ukianza ni kuzimaliza.
- Umepewa rufaa? Uliza swali moja: "Daktari, nina siku ngapi?" Jibu lake ndilo lipange safari.