"Banatuwekea": Chipu ya Mkononi na Swali la Mtenda

Tangu chanjo ya UVIKO-19 ilipofika nchini mwetu mwaka 2021, nimesikia sentensi moja mara nyingi kuliko nyingine zote kuhusu sindano: "Banatuwekea chipu." Wahudumu wa afya waliijibu kwa hoja zao: ndani ya chanjo hamna chipu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikumaliza ubishi, kwa sababu chipu inayowekwa chini ya ngozi ya mkono ipo kweli, na wapo watu wanaoibeba kwa hiari yao. Mtu aliyeona picha yake kwenye simu hawezi kuambiwa kwamba ni ndoto. Katika makala hii nitaeleza kitu hicho ni nini na kinafanyaje kazi, kisha nitarudi katika fani yetu ya isimu, maana nadhani sehemu ya tatizo iko katika jina na katika kitenzi.

Kitu chenyewe

Chipu ya mkononi ya kawaida ni kidonge cha kioo chenye urefu wa milimita 12 na unene wa milimita 2; mwonekano wake ni kama punje nene ya mchele. Ndani yake mna saketi ndogo sana inayohifadhi namba, pamoja na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Huingizwa kwa sindano nene kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo ngozi hulegea.

Ndani yake hamna betri, na hapo ndipo panapotakiwa kueleweka vizuri. Chipu hulala muda wote. Mkono unapokaribia kisomaji, kwa mfano kile kilichofungwa mlangoni, kisomaji hutoa uga wa sumaku. Waya wa shaba huupokea na kuzalisha umeme kidogo. Saketi huamka, hutaja namba yake, kisha hulala tena. Kwa chipu za aina hii mkono lazima uwe karibu sana, sentimita chache tu. Ni teknolojia ya ukoo mmoja na kadi za benki zinazogusishwa kwenye mashine, na pia na pasipoti ya kibayometriki.

Kwa hiyo chipu hii haiwezi kumfuata mtu kutoka angani. Simu hujua mahali ilipo kwa kuwa ina betri, ina antena na inapokea mawimbi ya satelaiti. Punje hii haina nguvu ya kazi hiyo. Wala haibebi maisha ya mtu. Aina moja inayotumiwa sana huhifadhi baiti 888, yaani matini mafupi kuliko sehemu hii ya makala unayoisoma.

Hata hivyo, tusifurahi mapema. Namba iliyo mkononi haina maana peke yake. Tukiazima istilahi za Saussure, mkono umebeba kiashiria tu. Kiashiriwa kimehifadhiwa kwenye kompyuta iliyo nyuma ya kisomaji. Mwenye kompyuta ndiye anayejua kwamba namba hii ni ya fulani, aliingia saa ngapi, alinunua nini, alitoka na nani. Anayetaka kujua kama chipu ina hatari aulize kwanza kisomaji ni cha nani.

Waliokwisha kuibeba

Tarehe 24 Agosti 1998, Kevin Warwick, profesa wa Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza, aliwekewa chipu katika mkono wake kwa ajili ya majaribio. Milango ya idara yake ikawa inafunguka na taa zinawaka anapokaribia. Aliibeba siku tisa, ikatolewa.

Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu chipu ya VeriChip itumike katika tiba. Ilikuwa na namba ya tarakimu 16, ili daktari aweze kupata kumbukumbu za mgonjwa asiyeweza kusema. Mamlaka hiyohiyo ilitaja hatari zake: mwili kuikataa, punje kuhama mahali ilipowekwa, usalama wa habari za mgonjwa, na matatizo inapokutana na mashine ya MRI yenye sumaku kali. Mwaka huohuo ukumbi mmoja wa starehe huko Barcelona uliwapa wateja wake chipu hiyo ili walipie vinywaji kwa mkono. Mwaka 2006 ilionyeshwa hadharani kwamba namba ya VeriChip inaweza kunakiliwa na mtu mwenye kifaa kinachofaa, na mwaka 2010 biashara hiyo ilisimama.

Mahali ilipoenea zaidi ni Sweden. Kuanzia mwaka 2015 watu wa jengo moja la ofisi mjini Stockholm walianza kufungulia milango kwa mkono, na mwaka 2017 shirika la reli la SJ lilikubali abiria waonyeshe tiketi kwa chipu. Mwaka huo huo wa 2017, katika mji wa River Falls, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni ya Three Square Market iliwaalika wafanyakazi wake wapokee chipu ya kufungulia milango, kuingilia kwenye kompyuta na kununulia vitafunio. Zaidi ya 40 walikubali.

Nimeutaja mfano wa Wisconsin mwisho kwa makusudi. Jimbo hilohilo lilikuwa limepitisha sheria tangu mwaka 2006 inayokataza mtu yeyote kumlazimisha mwenzake awekewe chipu. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa hadi dola 10,000, na kila siku inayopita inahesabiwa kosa jipya. Sheria haikukataza chipu. Ilikataza kulazimisha.

Matatizo ya jina

Kiingereza kiliita kitu hiki kwa neno linalomaanisha kibanzi. Kifaransa kikaona mdudu: puce ni kiroboto, na sisi tunaosoma kwa Kifaransa tunalitumia neno hilo bila kumkumbuka mdudu tena. Kiswahili kimetohoa tu: chipu. Sioni kosa hapo. Neno lililotoholewa halibebi historia nyingi, na kwa kitu chenye mabishano mengi hiyo ni faida.

Shida huanza tunapotafuta neno la asili. Wengine hupendekeza kipandikizi, kutoka kupandikiza, na kimofolojia neno ni zuri. Lakini katika huduma za uzazi wa mpango kipandikizi tayari ni kijiti laini kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu ili kuzuia mimba. Kijiti hicho hutoa homoni. Hakina namba wala saketi. Tukikiita kifaa cha namba jina lilelile, mama mwenye kijiti chake atasikia kwenye redio kwamba "vipandikizi husomwa na mashine" na kesho yake ataenda kudai kitolewe. Kosa la istilahi litakuwa limeingia katika mwili wa mtu.

Kuchanja nako kuna mtego wake. Kabla ya hospitali, kuchanja kulikuwa kukata ngozi, kama anayepigwa chale na kutiwa dawa. Chanjo ya leo imerithi kitenzi hicho. Kwa hiyo katika Kiswahili wazo la kutiwa kitu chini ya ngozi lilikuwa tayari ndani ya neno chanjo kabla ya chipu kubuniwa, na uvumi ulikuta njia imefyekwa. Na wengine husema chapa, neno ambalo msomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta katika Ufunuo 13, penye habari ya mkono wa kuume na ya kununua na kuuza. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba anayeiita chapa katika tangazo la afya au la sheria ameshatoa hukumu kabla ya kueleza.

Kitenzi kinaficha nini?

Turudi sasa kwenye "Banatuwekea chipu." Tunajua kwamba Kiswahili cha miji yetu hakipendi sana kauli ya kutendwa. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kinasema "nimeibiwa", sisi tunasema "baliniibia", na ba- hiyo haielekezi kwa watu maalumu. Ni muundo halali kabisa wa lugha yetu. Lakini katika jambo hili unatudhuru, kwa sababu mtenda yupo katika umbo la kitenzi na hayupo katika maana. Sentensi inashtaki bila mshtakiwa, na kwa hiyo haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Ukijibu "hakuna chipu", msemaji anabaki na ba- yake. Jibu bora, kwa maoni yangu, ni swali: "Ba nani? Wana kisomaji gani, nacho kiko wapi?"

Wakati huohuo viambishi vyetu vinaweza kutofautisha mambo ambayo sheria ya Wisconsin ilihitaji vifungu ili kuyasema. Kujiwekea ni kwa Warwick: aliyeamua ndiye mwenye mkono. Kuwekewa hakutuambii kama aliulizwa. Kuwekeshwa, pamoja na kiambishi cha kusababisha, kunatuonyesha mtu mwingine nyuma ya tendo. Mfanyakazi wa River Falls yuko wapi kati ya hayo matatu? Alikubali mwenyewe, ndiyo. Lakini aliyemwomba mkono ndiye anayemlipa mshahara. Kadi ya kazi unaiacha mezani jioni, na ukifukuzwa unairudisha. Mkono unakwenda nao nyumbani, na kuitoa punje kunahitaji mtu mwenye kisu kidogo na ujuzi. Hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, na uvumi wa chanjo umetupeleka tutazame kwingine.

Wengi wetu tukimaliza masomo tutapewa matini ya kutafsiri: matangazo ya afya, mikataba ya kazi, fomu za benki. Napendekeza tukubaliane mambo matatu. Kitu hiki kiitwe chipu ya mkononi. Kipandikizi na chanjo vibaki na maana zake za hospitali. Na kila tunapoandika kwamba mtu "anawekewa", tumtaje anayeweka, na tuseme kama mwenye mkono ana haki ya kukataa bila kupoteza kazi yake. Mwandishi wa Kifaransa asipokuwa amemtaja, tumrudishie matini yake na tumuulize kabla ya kutafsiri.