JINA MOJA SI BABA MMOJA



Wengi wenu mnakumbuka kisa cha salongo cha muhula uliopita. Niliandika jina la mdogo wetu wa mwaka wa pili kwenye lista ya waliokimbia kazi. Alilia akasema: «Kapita, haiko miye! Tuko wawili na jina hii.» Sikumsikiliza. Alifyeka nyasi siku mbili za posho, kisha ikajulikana kama aliyekimbia ni mwingine. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lake, lakini nyasi zilikuwa zimekwisha kufyekwa.

Tangu pale nafikiri sana juu ya majina. Ndipo nikasoma namna watu wa Uingereza wanavyotafuta wazazi wa babu zao wa zamani katika vitabu vya kanisa, nikaona kama kosa langu ndilo wanaloliogopa kila siku. Leo nataka kuwaeleza ile kazi.

Vitabu vilianza namna gani?

Mwaka 1538, wakati wa mfalme Henry VIII, waziri wake Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iwe na kitabu, na humo mchungaji aandike kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko. Mwanzoni wengi waliandika kwenye karatasi za kawaida, na nyingi ziliharibika. Mwaka 1598, wakati wa malkia Elizabeth I, ikaamriwa waandike kwenye ngozi ya kuandikia, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Hiyo nakala imesaidia wengi, juu kitabu cha parokia kikiungua au kikiliwa na panya, mtafutaji anakwenda kuangalia ile ya askofu. Serikali yenyewe ilianza kuandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo mwaka 1837 tu. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu miaka 300, kitabu cha parokia ndicho shahidi mkubwa.

Lakini shahidi huyu anasema kidogo. Mistari mingi ya zamani ina tarehe, jina la mtoto na jina la baba, basi. Mara nyingi mama hatajwi. Kwenye ndoa za zamani, wazazi wa bwana na bibi arusi kwa kawaida hawaandikwi. Tena Waingereza wa wakati ule walitumia majina machache: John, William, Thomas, Mary, Elizabeth. Ndugu wawili wa parokia moja waliweza wote wawili kumwita mtoto John kwa heshima ya babu. Ukitafuta John mmoja, utapata watatu. Wako ni yupi?

Mfano wa Lincoln

Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani, alizaliwa mwaka 1809. Mwaka 1859 aliandika kwa kifupi habari za maisha yake. Alimjua kwa jina babu yake, aliyeitwa Abraham pia, aliyetoka Virginia. Tena alijua kama wazee wa nyuma walitoka Pennsylvania. Watu walikuwa wamejaribu kuunganisha jamaa yake na akina Lincoln wengine wa New England. Yeye akaandika kama hawakupata kitu cha hakika, isipokuwa majina yanayofanana, kama Mordecai na Abraham. Tazameni vizuri: majina yalifanana pande zote mbili, hata hivyo hakusema «wale ni watu wetu». Aliacha mahali wazi.

Aliuawa mwaka 1865. Baadaye watafutaji walipanda ngazi, kidato kwa kidato: Abraham rais alikuwa mwana wa Thomas, Thomas wa Abraham, Abraham wa John, John wa Mordecai, Mordecai wa Mordecai mwingine, na huyu wa Samuel. Yule Mordecai kijana ndiye aliyehama Massachusetts, akapita New Jersey, akafika Pennsylvania. Ndiye daraja lililokosekana. Na Samuel alitoka Uingereza mwaka 1637, akakaa Hingham, Massachusetts.

Sasa baba yake Samuel ni nani? Kuna Hingham nyingine Uingereza, katika jimbo la Norfolk, na watu wa kwanza wa ule mji wa Marekani wengi wao walitoka huko. Katika kitabu cha kanisa la huko kuna ubatizo wa Samuel, mwana wa Edward Lincoln, tarehe 24 Agosti 1622. Vizuri! Lakini ngojeni kwanza. Karatasi ya safari ya 1637 inamtaja Samuel «Lincorne», mtumishi wa Francis Lawes, mfumaji wa nguo, umri miaka 18. Hesabuni wenyewe: toka 1622 mpaka 1637 ni miaka 15. Je, ni watu wawili?

Juu ya jina hakuna shida kubwa, maana karani aliandika alivyosikia. Juu ya umri, wengine wanafikiri kama kijana alijiongezea miaka apate kuruhusiwa kusafiri. Tarehe ya ubatizo pia si tarehe ya kuzaliwa. Lakini hayo ni mawazo tu, hayatoshi. Kwa hiyo watafutaji wakaita mashahidi wengine. Wosia wa Richard, baba yake Edward, unaonyesha kama mali yake ilikwenda kwa mke wa mwisho na watoto wake. Edward, mwana wa mke wa kwanza, akaachwa nje. Hapo tunaelewa kwa nini vijana wa Edward walijifunza ufumaji na kuvuka bahari. Na kule Hingham ya Marekani, Samuel alimkuta ndugu yake Thomas, naye mfumaji. Mashahidi wanapopatana, ndipo tunaweza kusema: baba ni Edward.

Sheria za kazi

1. Anza na unayemjua, urudi nyuma hatua moja moja. Usiruke.

2. Kusanya wote wenye lile jina, katika parokia na katika parokia za jirani. Usimkamate wa kwanza unayemwona.

3. Soma maziko pia. Mtoto John aliyezikwa mwaka 1701 hawezi kuoa mwaka 1725. Huyo mwondoe.

4. Angalia kalenda. Mpaka 1751, mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ndoa ya Mei 1640 na ubatizo wa Februari 1640 zinaonekana kama mtoto amewatangulia wazazi kanisani. Sivyo: ile Februari kwetu ni ya 1641. Usiwatie wazee wa watu aibu bure.

5. Tafuta shahidi wa pili. Toka 1754 ndoa zina sahihi au alama za bwana na bibi arusi na za mashahidi. Toka 1813 ubatizo una majina ya wazazi, makao yao na kazi ya baba.

6. Usipopata, weka alama ya kuuliza. Alama hiyo si aibu. Baba wa uongo ni mbaya kuliko nafasi wazi, juu wajukuu wote wanaokuja nyuma watamfuata yeye na kupotea.

Neno la mwisho. Katika Hingham ya Marekani, wakati wa Samuel, kulikuwa na akina Thomas Lincoln wanne. Wenyeji waliwatofautisha kwa kazi: Thomas mfumaji, Thomas msaga unga, Thomas mtengeneza mapipa na Thomas mkulima. Hawakuwa na shule kubwa, lakini walijua kama jina peke yake halitoshi kumshika mtu.

Nami nimejifunza kwao. Toka sasa, kwenye lista ya salongo, mtaona jina, jina la baba, darasa na namba ya kitanda. Na mtu akisema «haiko miye», nitasimama kwanza, nitafute yule mwingine.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita