Unga Uliogeuka Mafuta

Hadithi ya leo ina mizani ya kioo, paketi ya unga na shangazi mbishi. Sogeeni karibu.

Alikuwako msichana aliyekaa na babu yake chini ya kilima cha Sagalla, upande unaotazama mbuga ya Tsavo Mashariki. Shamba lao la mahindi na pojo lilizungukwa na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na hasira zao, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, hugeuza njia. Uzio wa aina hiyo upo Sagalla kweli, Dkt. Lucy King wa shirika la Save the Elephants ameufanyia utafiti huko pamoja na wakulima kwa miaka mingi. Lakini leo ndovu hawatuhusu.

Siku moja shangazi wa msichana alitoka Mombasa, akashuka kwenye treni pale Voi, akapanda bodaboda mpaka nyumbani. Mkobani mwake mlikuwa na mizani nyembamba ya kioo yenye vipande vinne vya chuma.

"Hii si kama ile ya kliniki," alisema. "Hii inaniambia hata mafuta niliyo nayo mwilini."

Kesho yake alfajiri akapanda bila viatu: kilo 78, mafuta asilimia 36. Jioni akapanda tena: kilo 78 zilezile, mafuta asilimia 34. Shangazi akapiga vigelegele.

Msichana akachukua penseli. Asilimia 36 ya kilo 78 ni kilo 28 na ushei. Asilimia 34 ni kilo 26 na nusu. Basi shangazi amepoteza kilo moja na nusu ya mafuta kati ya chai ya asubuhi na ugali wa jioni! Hata mtu apande Sagalla na kushuka kutwa nzima, hilo haliwezekani. Ni nini, basi, kilichobadilika? Hapa hadithi inataka sayansi kidogo, vumilieni.

Mizani ile haioni mafuta. Inapima mambo mawili tu. La kwanza ni uzito. La pili ni ukinzani, yaani jinsi mwili unavyouzuia umeme. Vile vyuma hutuma mkondo hafifu, usiofika hata sehemu moja kwa elfu ya ampea, ambao mtu hausikii kabisa. Mkondo huo hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Misuli ina maji mengi yenye chumvichumvi, kwa hiyo umeme hupita humo bila taabu. Mafuta yana maji kidogo, nayo huuzuia. Ukinzani ukiwa mkubwa, mizani hudhani maji ni kidogo. Maji yakiwa kidogo, hudhani misuli nayo ni kidogo. Uzito unaobaki huuita mafuta. Hesabuni wenyewe ni dhana ngapi zimepandana hapo.

Sasa shangazi alikuwa ameshinda wima tangu asubuhi, na mtu akishinda wima, maji ya mwili huteremka kidogo kuelekea miguuni. Umeme wa jioni ukakuta njia yenye maji zaidi, ukapita upesi, na mizani ikatangaza kwamba mafuta yamepungua. Tena alfajiri nyayo zake zilikuwa kavu na magaga yake, ilhali jioni alikuwa ametoka kuoga. Ngozi kavu na ngumu huweza kuuchelewesha umeme mlangoni kabla haujaingia mwilini.

"Mizani yako inakisia, shangazi," msichana alisema.

"Inakisia vipi? Nimeinunua kwa pesa nyingi!"

Msichana akaingia jikoni, akarudi na paketi ya unga ya kilo 2. Asubuhi iliyofuata alimwomba shangazi apime bila unga, kisha apime ameukumbatia. Uzito ulipanda kutoka 78 hadi 80 barabara, kwa hiyo kwenye uzito mizani ilikuwa kweli. Lakini mafuta yalipanda pia, kutoka asilimia 36 hadi 37 na kidogo. Rudini kwenye penseli: mafuta ya shangazi yameongezeka zaidi ya kilo moja na nusu, na hajala kitu! Sababu ni nyepesi. Unga uko mikononi, umeme uko miguuni, hivyo ukinzani haukubadilika. Mizani iliona uzito umeongezeka bila maji kuongezeka, ikauhesabu karibu unga wote kuwa mafuta.

Mimi jaribio hilo hunifurahisha kila ninapolisimulia. Lipo lingine lisilohitaji hata unga. Mizani hizi huuliza kimo, umri na kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Msichana alibonyeza vitufe, akamwongeza shangazi kimo kutoka sentimita 160 hadi 175. Mafuta yakashuka papo hapo. Mizani ilifikiri: umeme umesafiri njia ndefu zaidi na bado ukinzani ni uleule, basi huyu ana misuli mingi. Hesabu hiyo imeandikwa na watu waliopima kundi fulani la watu wazima, mara nyingi huko Ulaya, Marekani au Japani, kisha wakatafuta wastani. Ukiwa na miguu mirefu kuliko wastani wao, au mwili wa mkimbiaji, kisio lao huenda kando.

Babu, aliyekuwa kimya muda wote, akacheka. "Mimi nikiunyanyua mzinga najua ni mzito," alisema. "Lakini asali ni kiasi gani, nta kiasi gani na wana wa nyuki kiasi gani, sijui mpaka niufungue."

Mwili hatuwezi kuufungua, ndiyo maana watu walitafuta njia za kuzunguka. Mwaka 1942 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, na wenzake walipima wachezaji wa futiboli ya Kimarekani ndani ya maji. Mafuta huelea, misuli huzama, kwa hiyo uzito wa mtu akiwa majini hueleza mengi. Wengi wa wachezaji wale walikuwa wamehesabiwa kuwa wazito kupita kiasi, kumbe uzito wenyewe ulikuwa misuli.

Karibu na kwetu, kuna utafiti uliotolewa mwaka 2018 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ulihusu watoto wa miaka 8 hadi 11 katika nchi nane za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania. Watoto walinyweshwa kiasi kidogo kilichopimwa cha maji yenye dutiriamu, aina ya hidrojeni iliyo nzito kidogo na isiyo na madhara kwa kiasi hicho. Baada ya maji hayo kuenea mwilini, mate yao yalichunguzwa. Dutiriamu ikiwa imezimuliwa sana, mwili una maji mengi. Hapo maji yanapimwa yenyewe. Mizani ya shangazi huyakisia kwa umeme wa miguuni. Watafiti waliona kwamba kile kipimo cha kawaida cha kugawa uzito kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo kiliwakosa watoto wengi waliokuwa na mafuta ya kupita kiasi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mizani ya miguu hulikosa: tumbo. Umeme wake hupita miguuni na chini ya kiuno, lakini mafuta yanayowatia madaktari wasiwasi zaidi ni yale ya tumboni. Kwa hayo msichana alitumia kamba ya mkonge. Alikata yenye urefu sawa na kimo cha shangazi, akaikunja katikati, akamzungusha kiunoni juu ya kitovu. Kamba ikikutana, vizuri. Ya shangazi haikukutana. Alinuna kidogo, kisha siku ya Jumatatu akateremka Voi kupimwa presha na sukari.

Mizani hakuitupa. Siku hizi hupanda asubuhi tu, kabla ya chai, baada ya kwenda haja, na hutazama inakoelekea mwezi hadi mwezi.

Na ninyi mnaosoma, kabla hamjapanda mizani ya namna hii, someni kijitabu chake. Nyingi zimetengenezewa watu wa miaka 18 na zaidi, na waundaji huwakataza wajawazito na wenye kifaa cha umeme cha moyo. Mtoto anayekua anahitaji mafuta mwilini, na wasichana huongezeka mafuta wanapobalehe. Hiyo ndiyo kawaida ya mwili. Msiache kula kwa sababu ya namba iliyokisiwa na kioo. Mkiwa na shaka, muulizeni muuguzi wa zahanati iliyo karibu nanyi.