Vumbi la Samuye na santuri za wazee

Kiangazi kikikaza Samuye, Shinyanga, vumbi halibishi hodi. Linapenya madirishani na kuingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nyumba iliyobaki na santuri za Tabora Jazz, Western Jazz au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe haina adui mkubwa kuliko huyo.

Nyingi kati ya santuri hizo ni vigumu kuzipata tena dukani. Enzi zile bendi zetu ama zilisafiri kurekodi Nairobi, ama kanda zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zilipelekwa huko kuchapwa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, njia hiyo ikawa finyu. Nakala ikichakaa leo, huenda wimbo nao umekwenda.

Ncha ya sindano nzuri ya kupigia santuri ni almasi, jiwe lile lile ambalo John Williamson alilikuta Mwadui, huku huku Shinyanga, mwaka 1940. Plastiki ya santuri ni laini mno mbele yake. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye mfereji, sindano huikandamiza ukutani na kuacha kovu lisilofutika. Wapo wanaoweka sarafu juu ya mkono wa mashine ili sindano isiruke. Waache tabia hiyo. Sindano nyingi za kisasa hubeba gramu 1.5 hadi 3 tu. Sarafu huongeza uzito huo mara kadhaa, na kila mpigo unakwangua muziki.

Kabla ya kupiga, pitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Santuri chafu sana ioshwe kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri, wala si asidi yake, pamoja na tone la sabuni ya vyombo; kisha isuuzwe kwa maji hayo hayo. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko. Karatasi ya katikati isilowe. Sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, kama alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ni za shelaki: spiriti huziharibu kabisa. Zote zisimamishwe wima, mbali na joto la paa la bati, maana zikilazwa kwa rundo hupinda.

Santuri ikiwa safi na bado inakwaruza, tafuta kwenye amplifaya kitufe cha kuruka ikwalaiza, yaani saketi ya kurekebisha sauti, na vidhibiti vya besi. Kikibonyezwa, sauti hupita moja kwa moja. Mkwaruzo ukitoweka, ugonjwa uko kwenye vidhibiti, mara nyingi vumbi limeingia ndani yake. Ukibaki, rudi kwenye sindano, santuri au nyaya. Kwa jaribio hilo dogo, mtu anaweza kuepuka kununua sindano mpya bila sababu.

Lakini kuna hatua moja isiyorukwa. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa ili mfereji usitanuke kupita kiasi, na sauti nyembamba huinuliwa. Saketi ya fono hurudisha mizani hiyo kwa kipimo cha RIAA, kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954, na kukuza umeme wa sindano ya sumaku ambao ni kama milivolti 5 tu. Mashine nyingi za sasa zina saketi hiyo ndani, na swichi nyuma yenye maandishi PHONO na LINE. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida la amplifaya, weka LINE. Ukichomeka kwenye tundu la fono, weka PHONO. Ukikosea, sauti itapita saketi hiyo mara mbili na kuunguruma, au isiipite kabisa ikawa nyembamba kama ya simu mbovu.

Mashine ikishatulia, hamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta huku ikwalaiza ikiwa imerukwa. Besi unaweza kuiongeza siku yoyote baadaye; mfereji uliokwanguliwa hakuna fundi wa kuurudisha.